Mstari wa kome si mwaka

Wazee wangu, mama zangu wa Sahare na Mwambani, shikamooni. Vijana, karibuni.

Pokezaneni kome hili, tuone kama mistari yake ni miaka. Konokono wa bahari hujenga nyumba yake kwenye ukingo wa mdomo: ngozi laini ya mwili hutoa chokaa, akaongeza kidogo kidogo. Akisimama kujenga, pakabaki mstari. Pitisheni ukucha mtausikia. Ila huu uliopinda ni kovu. Kaa alimvunja mdomo, akanusurika, akaujenga upya. Ukiuhesabu kuwa mwaka, umemzeesha bure.

Huko Ulaya yuko konokono aitwaye Buccinum undatum. Baridi ya kule ni kali, kwa hiyo miviringo ya kifuniko chake, kile cha kuzibia mdomo, husaidia kukisia miaka. Maji yetu ya Tanga, kati ya kaskazi na kusi, hupishana nyuzi chache tu. Tena bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na bamvua, yale maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi. Sasa mstari huu kauchora nani: kusi, bamvua, njaa au kaa?

Njia ninayoiamini ni ya mikono. Chukua tupa, tia pengo dogo ukingoni mwa mdomo, bandika namba kwa gundi, pima, kisha mrudishe mwamba uleule. Miezi ikipita, kilichoota mbele ya pengo ndicho alichokua, na mistari iliyomo humo unaijua muda wake. Wengi hutawaona tena, na inauma, lakini wale wachache wanaorudi wanasema kweli.

Dondo, kauri la madoadoa, ndilo gumu kukisia umri, hili ambalo mafundi wa nguo walilazia mishono. Akiwa mtoto gamba ni jembamba, mdomo uko wazi. Akipevuka, mdomo hujikunja ndani, meno yakatokea, na urefu ukakoma hapo. Kinachozidi ni unene. Ngozi yake nayo humfunika mgongo, ikapaka ule mng'aro juu ya mistari ya utotoni. Kifuniko hana. Basi dondo dogo lenye meno laweza kulizidi kubwa kwa umri, na jicho lisitambue.

Mama zangu, dondo mwenye mdomo mwembamba ulio wazi bado mtoto, mwacheni. Na mkikuta kome lenye namba, msilichukue. Someni namba, mnikumbukie na mwamba.