Minnan, pwani ya Wahokkien

Asanteni kwa kuja jamani. Wengi tukisikia Wachina wa Singapore, Penang au Manila tunajua wametoka China, basi, tunaishia hapo. Lakini asili ya wengi wao ni pwani moja tu, Minnan, kusini mwa jimbo la Fujian, yenye miji ya Quanzhou, Zhangzhou na Xiamen, na hao ndo Wahokkien.

Kule milima imeshuka mpaka karibu na maji, pa kulima mpunga ni padogo, kwa hiyo watu wakaishi kwa bahari. Quanzhou ikawa bandari kubwa kweli, Waarabu waliiita Zaitun, na msafiri Ibn Battuta, huyuhuyu aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia kwamba aliona pale merikebu kubwa kama mia moja. Msikiti wao wa mawe ulianza kujengwa mwaka 1009, paa la ukumbi halipo tena ila kuta bado zimesimama.

Mimi kinachonishangaza zaidi ni daraja la Luoyang, karibu na Quanzhou, limejengwa kati ya 1053 na 1059, tena pale mto unapoingia baharini, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu. Saruji hakuna. Sasa wale mafundi walimwaga mawe chini kukatisha mto mzima, wakasimamisha nguzo juu yake, halafu wakafuga chaza palepale, chaza wanang'ang'ania mawe, magamba yanaongezeka, mawe yanashikamana. Kuokota chaza hao ikapigwa marufuku! Hiyo ni akili ya watu wanaoijua pwani yao, naomba tuiheshimu.

Baadaye ndo wakatawanyika, Taiwan, Ufilipino, Malaya (leo Malaysia na Singapore), wakituma hela nyumbani. Chukua mfano wa Tan Kah Kee, mtoto wa Jimei, kule Xiamen, aliyezaliwa 1874, akaenda Singapore akiwa kijana, akatajirika kwa mananasi na mashamba ya mpira, na 1921 akaanzisha Chuo Kikuu cha Xiamen kwa hela zake. Mdororo wa uchumi ukampiga, kampuni yake ikafungwa 1934, na bado akaendelea kuhangaika kutafuta pesa za kukiendesha chuo, mpaka 1937 serikali ilipokichukua.