Jina la Mji? Kaulize Posta

Haya tukae jamani, wale wa nyuma sogeeni, viti vipo. Najua hili mshanisikia nikilisema, kwamba jina la kimji cha Midwest, kule kaskazini-kati mwa Marekani, usiulize hadithi, kaulize posta; leo nalirudia maana wiki hii tu mtu kanitumia meseji eti Cairo ya Illinois ilianzishwa na watu waliotoka Misri. Misri! Waanzilishi waliona mito miwili mikubwa inakutana, Ohio na Mississippi, wakaukumbuka Nile, basi. Hata kulitamka hawalitamki kama sisi, wenyewe wanasema Kero, na kweli hiyo meseji ilikuwa kero.

Sikilizeni. Kimji chochote cha kule Midwest kinaweza kujiita kinavyotaka, lakini kikitaka barua lazima kiombe ofisi ya posta Washington, na posta haikubali ofisi mbili zenye jina moja ndani ya jimbo moja. Ukivuka mpaka wa jimbo, ruksa, ndio maana Springfield iko Illinois, iko Ohio, iko Missouri. Hiyo ya Illinois yenyewe ilianza ikiitwa Calhoun, jina la mwanasiasa, jamaa alipochuja wakamfuta.

Sasa Santa Claus, Indiana, hii siiachi hata mniburuze. Watu walitaka Santa Fe. 1856 posta ikawajibu hapana, Indiana ina Santa Fe tayari, tafuteni lingine. Hapo ndipo hadithi inapoingia, eti usiku wa Krismasi wamekaa wanabishana, upepo ukafungua mlango, kengele zikalia huko nje, mtoto akaruka akisema Santa Claus! Tamu, wasimulieni wanenu. Mimi naona hivi: watu neno Santa wameshalizoea mdomoni, wamekataliwa mkia, wakabadilisha mkia. Na mkitaka kujua nani alikuwa bosi, 1895 posta hiyohiyo ikaligandisha jina likawa neno moja, Santaclaus, hakuna upepo hakuna kengele, mpaka 1928 ndio ikalitenganisha tena. Hii bahasha niliyoishika, angalieni hapa kwenye muhuri, Santa Claus, IN, 47579. Mtu katoka mbali kaipeleka pale ili igongwe hilo jina tu, halafu irudi! Na kuanzia 1914 postamasta wa pale akawa anajibu barua za watoto, mpaka leo wapo wanaojitolea kuzijibu kila Desemba. Jina lililotokana na kukataliwa, sasa ndilo linalowaletea watu.

Kuna anayetaka kusema, na reli je? Nakuona, teremsha mkono, nakuja. Nebraska, fuata njia ya reli ya zamani kutoka Lincoln uelekee magharibi uhesabu vimji: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Umeona? C, D, E, F, mpaka L! Kampuni ya reli ilifuata alfabeti kama mwalimu anavyoita rejista, nanyi mnatafuta babu aliyetoka Harvard.

Na majina ya wenyeji asilia, ndiyo, yapo mengi na ya kweli, lakini angalia, Itasca, lile ziwa la Minnesota, watu wanaapa ni neno la Kiojibwe, kumbe mvumbuzi mmoja, Schoolcraft, alichukua maneno mawili ya Kilatini, veritas na caput, akakata kichwa cha la kwanza na mkia wa la pili, akashona. Huyo hata kule Michigan alifanya hivyohivyo, tukianza naye hatutoki humu.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi, vita ya kwanza ya dunia, majina ya Kijerumani yakawa mkosi, Berlin ya Iowa ikawa Lincoln, Germantown ya Nebraska ikawa Garland, Berlin ya Michigan 1919 ikawa Marne, jina la mto wa Ufaransa walikopigana na Wajerumani. Ila uwanja wao wa mbio za magari mpaka leo unaitwa Berlin, nenda Marne ukaulize Berlin iko wapi watakuonyesha kwa kidole. Na Bismarck ya North Dakota je, yenye jina la yule chansela wa Ujerumani? Ile ilikuwa Edwinton, reli ikaibadilisha 1873 ikiwinda pesa za Wajerumani, lakini hiyo mnifuate kwenye chai.