Gesi Hushuka Ngazi

(Mhadhara uliotolewa Lamu, baada ya sala ya isha)

Asalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa mkekani mbele, ahsanteni kwa kuja.

Tangu niteremke mashuani naulizwa: miaka yote hiyo ughaibuni ulikuwa ukifanya nini? Nilikuwa nikitengeneza vihisi vya gesi, vyombo vinavyotambua gesi hewani na kulia. Zamani wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na chiriku ndani ya tundu. Ndege akilegea, watu wakimbie. Ndege hao hawakuondolewa mpaka 1986. Lakini tayari mwaka 1962, huko Japani, mtafiti Seiyama na wenzake walikuwa wameonyesha kuwa oksidi ya zinki huhisi gesi, na mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi akaomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kihisi chake.

Hiki hapa mkononi ni cha oksidi ya bati. Ndani yake punje zimepashwa moto, nyuzi 300 hivi. Oksijeni ya hewani hujibandika juu ya punje na kuzinyang'anya elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, umeme ukawa wapita kwa taabu. Ikija gesi inayowaka, huungana na ile oksijeni, elektroni zikarudi, umeme ukapata njia. Tunachopima ni huo wepesi wa kupita.

Cha kwanza nilichokitengeneza nilikiunda katika nchi ya baridi, hewa kavu. Nikaja nacho likizo wakati wa masika, nikakiweka jikoni kwa mama. Kikalia usiku kucha na gesi hamna. Mama akakifunika kwa kanga, akaniambia, "Mwanangu, hiki hakijui kwetu." Alisema kweli. Mvuke wa maji nao hupunguza ukinzani wa oksidi ya bati, yaani umeme hupita kwa wepesi kana kwamba gesi ipo, na mimi nilikisawazisha mahali pasipo unyevu. Sehemu kubwa ya kazi yangu baada ya hapo ilikuwa hiyo: kupima unyevu pamoja na gesi, ili kihisi kisidanganywe na hewa ya pwani.

Sasa tuje majumbani mwetu. Jiko la nyumba ya mawe liko juu kabisa, chini ya makuti, na wengi wetu tunaamini gesi ikivuja itatoka na upepo. Moshi hupanda kwa kuwa ni wa moto. Gesi ya mtungi ni propani na butani: ya kwanza ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, ya pili mara mbili. Hutambaa sakafuni, ikifika penye ngazi huteremka kama maji mpaka walipolala watoto. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa, cheche ya swichi yatosha. Juzi niliona kihisi kimetundikwa karibu na boriti, na iliniuma sana. Kishusheni, shubiri moja kutoka sakafuni, na kingine chini ya ngazi.

Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya jiko la mkaa, ni nyingine: haina harufu, huenea chumba kizima, na ina kihisi chake.

Zimeni feni, tafadhali. Hizi mbao ni ngazi, kihisi nimekiweka chini yake. Kikombe hiki mnakiona kitupu, lakini nimekijaza butani. Njoo mwanangu, kiinamishe hapo juu, taratibu, kama unayemimina kahawa. Nyinyi wengine tazameni namba.