Kabla Mpango wa Zahanati Haujapelekwa Halmashauri

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, waganga wafawidhi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ndugu wananchi. Wazee wetu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano na majadiliano ya wananchi katika kuleta usawa wa afya. Nitaanzia 1973, maana humu ukumbini wamo wazee wanaoukumbuka mwaka huo.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio na kuzungumzia malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na kidogo nchi nzima, kwa hiyo mtaona ukubwa wa jambo lenyewe. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walizidi 70,000, wengi wao wanavijiji wa kawaida. Kikundi kilisikiliza kipindi, anayejua kusoma akasoma somo la wiki kitabuni, kisha wakajadiliana: hapa kwetu ugonjwa huu unatokana na nini, na tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Wakiondoka hapo walikwenda kufyeka nyasi, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Vyoo vilivyochimbwa nchini msimu ule vilihesabiwa kwa malaki.

Nawaomba muangalie namna ile ilivyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tumeisahau. Kikundi kilikuwa kidogo, mtu mwoga akapata nafasi ya kusema. Kiongozi alifundishwa kuongoza mazungumzo, hakutumwa kwenda kuhutubia. Na kila kikao kiliishia kwenye kazi ambayo watu wenyewe waliiweza kwa jembe na panga.

Lakini kulikuwa na pengo, nalo tunaishi nalo hadi leo. Redio ilisema, kijiji kikasikiliza na kutenda. Kijiji kilipokuwa na swali ambalo jembe haliwezi kulijibu, kama vile dawa kuisha au mganga kutokuwepo, hapakuwa na redio ya kulirudisha Dar es Salaam. Choo unaweza kukichimba mwenyewe. Damu ya kuongezewa mzazi huwezi kuichimba.

Hapo ndipo usawa unapopimwa. Tangu uchangiaji wa huduma ulipoanza 1993, sera imewasamehe malipo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Kwenye karatasi, mama mjamzito wa kijijini na wa mjini wana haki moja. Sasa nendeni mkae kwenye benchi la kliniki Jumatatu asubuhi. Mama anaambiwa siku ya kujifungua aje na glavu, pamba, wembe, mipira ya kutandika na ndoo. Anayeishi karibu na duka la dawa na mwenye shilingi mkononi atavipata jioni ileile. Yule anayetembea kwa muda wa saa tatu kutoka kitongojini ataogopa kuja mikono mitupu, na atajifungulia nyumbani. Huyo hakukosa elimu ya afya. Alihudhuria kliniki, akasikia kila alichoambiwa. Kumpelekea semina nyingine ni kumwonea.

Mwenye kauli juu ya zile glavu ni nani? Wengi mtasema Bohari ya Dawa, au Wizara. Jibu la karibu zaidi ni kamati ya usimamizi wa kituo. Zahanati sasa ina akaunti yake benki. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia humo moja kwa moja, na kamati, yenye wajumbe waliochaguliwa na wananchi na mganga mfawidhi akiwa katibu, ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Nguvu hiyo vikundi vya 1973 havikuwa nayo hata chembe. Inaniuma kuona inavyolala. Nimekaa na wajumbe walioletewa mpango uliokwisha kuandikwa, wakaonyeshwa mahali pa kusaini, wakanywa soda na kuondoka. Nilipowauliza faraghani kituo kiliingiza kiasi gani robo ile, walitazamana.

Ushirikiano wa kweli nimeuona kwenye m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Mama akipata dharura, simu inapigwa 115 bila malipo, linatafutwa gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe, naye analipwa kupitia simu. Humo mna Serikali, kampuni ya simu, hospitali na dereva wa kijijini. Kila mmoja anajua kazi yake na anajua atalipwa na nani. Dereva hakuombwa uzalendo mtupu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliopo hapa mnanielewa, kwa maana miaka mingi mliombwa mtembee nyumba kwa nyumba kwa moyo tu. Mpango wa Taifa uliozinduliwa mwanzoni mwa 2024 umeahidi mafunzo na posho. Ahadi hiyo isimamiwe na halmashauri zote, zikiwemo za pembezoni.

Sasa mkutano wa kijiji. Mapato, matumizi na dawa zilizopokelewa zisomwe pale, kwa sauti, na wajumbe wa kamati wenyewe. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao mganga pekee halitoshi. Kabla ya mkutano, kina mama wakae peke yao na vijana peke yao, wachague wasemaji, maana sote tunajua nani hushika kipaza sauti na nani hukaa nyuma akimbembeleza mtoto. Wahudumu wa zahanati nao wasikilizwe. Muuguzi mmoja anayezalisha usiku kwa tochi ya simu si adui wa mama aliyenyimwa glavu. Wote wawili wana dai moja, na wakilisema pamoja diwani hana budi kulibeba. Wakatae kugombanishwa.

Waheshimiwa, mipango ya vituo ya mwaka ujao wa fedha itaanza kuandikwa hivi karibuni. Ninachowaomba kina tarehe: kila kata iitishe mikutano ya vijiji kabla mpango haujapelekwa halmashauri, na vifaa vya kujifungulia viwe mstari wa kwanza kujadiliwa. Kamati ikikaa baada ya hapo, itakuwa inajadili fedha zilizokwisha kugawanywa.