Kompyuta Mpakato Kuukuu na Mfumo Endeshi Mpya

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na wanafunzi mliofika,

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kesho yake kompyuta zenye mfumo huo ziliwaka kama jana, zikafungua barua pepe na mitihani ya kidato cha nne kama jana, na wenyewe hawakuona badiliko lolote. Kwa kuwa hakuna kilichoharibika mbele ya macho, wengi wameliacha jambo hili lipite, nami nimeomba nafasi hii ili tulizungumze kwa kituo.

Mfumo usiosasishwa hauharibiki. Hubaki na matundu yake huku wahalifu wakizidi kuyajua. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo na kuzifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kikidai fidia ili mafaili yafunguliwe. Waliokuwa wameweka kiraka kwenye mashine zao walikuwa salama. Sehemu kubwa ya waathirika walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, ila masasisho hayakuwa yamewekwa. Ikiwa hayo yaliwapata waliokuwa na kiraka mkononi bila kukiweka, asiyeletewa kiraka kabisa hana pa kukimbilia.

Jibu la haraka ni kuhamia Windows 11, lakini mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, haupokei kila mashine. Unataka chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi) ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na, lililo zito kuliko hayo yote, prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel, ukiacha chache mno, huanzia kizazi cha 8, yaani prosesa zilizoanza kuuzwa mwaka 2017.

Chukueni HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016. Ni moja ya kompyuta za ofisi za Ulaya na Marekani ambazo, zikishatumika huko miaka michache, huuzwa kwa jumla na hatimaye kupangwa kwenye maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, Nairobi. Prosesa yake, mara nyingi i5-6300U, ni ya kizazi cha 6, kwa hiyo imeachwa nje ya orodha. Ukiifungua chini kwa bisibisi utakuta nafasi mbili za RAM ya DDR4, nafasi ya diski ya inchi 2.5 na nyingine ya M.2, kila kinachochakaa kinabadilishika. Mashine kama hii haijazeeka kwa kazi zetu za kuandika, kukokotoa alama na kuingia mtandaoni. Kilichoisha ni muda wa programu iliyomo, na programu inabadilishwa.

Najua kuna mafundi wanaopiga Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine za namna hii, na kweli inakubali. Mimi simshauri mtu afanye hivyo kwenye kompyuta ya kazi. Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizotimiza masharti hazina haki ya kupata masasisho, na toleo la 24H2 la mwaka 2024 lilikataa kabisa kuwaka kwenye prosesa kongwe zisizo na amri fulani. Hata ukisalimika mwaka huu, umejenga kwenye kiwanja cha mtu bila hati. Kibaya zaidi ni zile Windows za bure zinazokuja na kijiprogramu cha kuvunja leseni, ambacho kabla ya kuwekwa hukutaka uzime kinga ya virusi. Mtu aliyezima kinga kwa mkono wake asishangae baadaye flashi zake zikianza kuonyesha mafaili ya njia mkato tu, ambayo ni dalili ya kirusi.

Upo mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi ulitangazwa kuendeleza masasisho ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unamfaa mwenye programu isiyokwenda kwingine, kwa mfano mhasibu anayetegemea Tally, programu ya uhasibu. Ni muda wa kujipanga tu.

Kwa wengi waliomo humu ndani, njia ninayoipendekeza ni Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, na miongoni mwa aina zake nyingi, Linux Mint. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Ina menyu chini kushoto kama mliyoizoea, hailipiwi, na toleo lake la Xfce ni jepesi kiasi cha kuifaa mashine yenye RAM ya gigabaiti 4. Ndani yake imo LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel, ingawa jedwali lenye mapambo mengi huweza kusogea kidogo. Wala ukoo huu si mgeni kwetu: LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya mradi wa Kilinux.

Kabla ya mfumo, tazameni diski. Kompyuta nyingi zinazolaumiwa kwa uzito zina diski ya kuzunguka, ya mizunguko 5400 kwa dakika, ambayo kichwa chake hulazimika kuhama huku na huku kwa kila kifaili kidogo. Na mfumo wa leo, unapowaka, husoma maelfu ya vifaili vidogo. SSD, yaani diski iliyoundwa kwa chipu, haina kitu kinachozunguka. Mwenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu na anunue SSD kabla ya RAM, labda awe na RAM ya gigabaiti 2, maana hapo kivinjari chenye kurasa tano kitamshinda hata akiwa na diski ya namna gani.

Kazi yenyewe huanza na kunakili nyaraka zote kwenye diski ya nje, kisha kufungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha zinasomeka. Nakala isiyofunguliwa siihesabu kuwa nakala. Baada ya hapo hupakuliwa faili la Mint, lenye ukubwa wa karibu gigabaiti 3, kwa hiyo ni vyema mmoja apakue na wengine wanakili badala ya kila mtu kumaliza bando lake. Faili huandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus, ambayo hufuta kila kilichokuwemo kwenye flashi hiyo. Kompyuta huzimwa, huwashwa upya huku ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, kisha flashi huchaguliwa.

Hapo mfumo huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Unganisheni Wi-Fi, kwa kuwa kadi za Wi-Fi za Broadcom hudai kiendeshi cha ziada, yaani programu ya kuuwezesha mfumo kukitumia kifaa. Chezeni sauti, washeni kamera, chapeni ukurasa mmoja kwenye printa ya shule, fungeni mfuniko na kuufungua muone kama mashine inaamka. Kisoma alama za vidole kikikataa, hilo linavumilika. Wi-Fi ikikataa, msibonyeze kitufe cha kusakinisha mpaka ipatiwe dawa.

Zipo mashine za kuziacha. Zenye prosesa ya biti 32, aina ya zamani, hazipokelewi na Mint tangu toleo la 20, na Debian 13 ya mwaka 2025, aina nyingine ya Linux, nayo imeacha kutoa kisakinishi kwa ajili ya mashine hizo. Zenye RAM ya gigabaiti 2 iliyochomelewa kwenye ubao hazina pa kuongezea. Hizo zitolewe diski, na diski ifutwe au ivunjwe kabla mashine haijapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma, kwa sababu majina na alama za wanafunzi bado zimo.

Flashi 4 zenye Mint ziko mezani. Wenye nakala za nyaraka zao waje mbele. Wasio nazo waanze na diski ya nje iliyoko kwa mwalimu wa TEHAMA.