Kikombe Kilipimwa, Mkono Haukupimwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba nijibu swali moja: mambo ya kiroho ya jadi yanaweza kupimwa kisayansi? Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia Samunge, kile kijiji cha Babu wa Loliondo, na mnivumilie, kwa sababu Samunge bado inaniuma.

Ya mwaka 2011 sina haja ya kuyasimulia. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Mwasapile, ndiye Babu mwenyewe. Mzizi wa mti uitwao mugariga umechemshwa, kikombe shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, helikopta zinatua kijijini. Kisukari, saratani, pumu, UKIMWI, alisema vyote vinapona kwa kikombe kimoja. Wapo waliofia njiani wakisubiri zamu.

Sasa tazameni wataalamu wetu walifanya nini. Walichukua ile dawa wakaichunguza kama ina sumu, wakasema haina madhara kwa mnywaji. Sawa, huo ulikuwa wajibu wao. Wengine wakauandama mti wenyewe. Na mti ule haukuwa mgeni: watafiti wa Kenya walikwishachapisha mwaka 2006 kwamba dawa iliyotolewa kwenye mizizi yake huzuia virusi vya herpes maabarani. Basi nchi nzima ikakaa kusubiri maabara iseme kama Babu ni mkweli.

Jamani, kwani mlimsikiliza Babu? Hakusema mzizi unaponya wenyewe. Alisema Mungu alimwonyesha, na dawa inafanya kazi ikitolewa na mkono wake, pale pale Samunge. Ukiuchimba mzizi uleule ukauchemsha kwako, huna kitu. Hilo ndilo dai lenyewe, na hakuna aliyeligusa. Walipima kikombe, mkono wakauacha.

Na mkono ulikuwa unapimika! Chukua wagonjwa mia mbili wa kisukari waliokubali kwa hiari. Wote wanaendelea na dawa zao za hospitali, hakuna anayenyimwa kitu. Mia wanapata kikombe alichokibariki Babu, mia wanapata kikombe cha mzizi uleule kilichomiminwa na mtu mwingine, na mgonjwa hajui kipi ni kipi. Daktari anayewapima naye hajui. Kabla ya kunywa, na tena baada ya miezi mitatu, unafanya kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Basi. Hapo hakuna mtambo wa ajabu. Ni daftari, sindano na uaminifu. Kama mkono una nguvu, mia wa Babu watajitenga na wenzao. Kama hauna, watalingana.

Najua mtaniambia, “Mungu hajaribiwi.” Nimeambiwa hilo misikitini na makanisani mpaka nimelizoea. Nami najibu: simjaribu Mungu, namuuliza mwanadamu anayesema ametumwa. Gideoni alifanya nini? Usiku wa kwanza aliomba manyoya ya kondoo yalowe umande na ardhi ibaki kavu. Usiku wa pili akageuza: ardhi ilowe, manyoya yakauke. Mtafiti yeyote atakuambia huo ni mpango safi wa jaribio, maana usiku mmoja ungeweza kuwa bahati. Danieli naye aliomba siku kumi za mboga na maji, halafu wakalinganishwa na vijana waliokula chakula cha mfalme. Na wale wakoma kumi? Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, na kuhani katika Torati ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ugonjwa wa ngozi. Aliyeponywa anatumwa akakaguliwe. Nani basi aliwafundisha kwamba kupima ni kukosa imani?

Nauliza kwa uchungu, kwa sababu shangazi yangu alikwenda Samunge. Alikuwa na kisukari. Alirudi amechangamka, akaitia mashine yake ya sukari kabatini, akafunga. Babu hakumwambia afanye hivyo, na simlaumu mzee wa watu. Aliambiwa na wenzake ndani ya gari: ukipima, umetilia shaka. Sisi wanawe tukanyamaza, tukiona ni heshima. Kidonda cha mguu ndicho kilichomfungua macho, na mguu ule hatukuuokoa. Mashine ilikuwa kabatini, betri inafanya kazi.

Kuna pingamizi la pili: nguvu za kiroho hazionekani, utapimaje kisichoonekana? Marekani palikuwa na binti wa miaka tisa, Emily Rosa. Kule wapo waganga wa mikono wanaosema wanahisi nguvu inayozunguka mwili wa mtu bila kumgusa. Emily akawatafuta 21. Akaweka ubao wenye matundu mawili, mganga akapenyeza mikono bila kuona upande wa pili, Emily akarusha sarafu kuamua asogeze kiganja chake juu ya mkono upi. “Upo wapi mkono wangu?” Mara 280. Walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Ukibahatisha tu unapata nusu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Mtoto hakuhitaji kuiona ile nguvu. Alihitaji kujua mwenye dai anasema atafanya nini.

Na maombi nayo yamepimwa, utafiti ukachapishwa mwaka 2006 Marekani: wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo. Kati ya wale waliokuwa hawana hakika kama wanaombewa, walioombewa walipata matatizo asilimia 52, wasioombewa 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa, 59. Utafiti ule haukuwazuia mama na mke kuomba majumbani, kwa hiyo usiukuze kupita kiasi chake. Ulipima maombi ya watu wageni waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya ukoo wake, hayo tu.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumzia ngoma za kupunga pepo, na nadhani kule kuna uponyaji wa kweli wa huzuni, lakini hilo lina siku yake. Tambiko la kuomba radhi kwa wazee waliotangulia haliahidi sukari kushuka, kwa hiyo halinihusu. Liacheni.

Ila ramli siwezi kuiruka. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi Januari 2015, wakati ndugu zetu wenye ualbino wanauawa. Mpiga bao anayetaja mchawi anamtaja mtu mwenye jina na nyumba. Kabla hujamsadiki, mfichie sarafu moja chini ya kikombe kimoja kati ya kumi, mara ishirini, na anayejua ilipo asiwepo pale. Akishindwa sarafu, atamjuaje mchawi wa kijiji kizima?

Yule mama amenyoosha mkono tangu nilipotaja Samunge. Mpeni kipaza sauti, tafadhali.