Nyama, mnyama na shishi: Wajapani walivyowapa majina wanyama wa porini

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo sitaki kuwachosha na sarufi, nataka tupige stori za wanyama. Nianze na swali la nyumbani: kwa nini kwetu nyama na mnyama ni mtu na ndugu yake? Yani ukimtaja mnyama tu tayari sufuria imeshasikia. (Kicheko.) Sasa msidhani ni ulafi wetu peke yetu.

Mjapani nguruwe pori anamwita inoshishi. Likate hilo neno: i, no, shishi. "I" ndo lilikuwa jina lake la zamani, jina zima, silabi moja basi. "No" inafanya kazi kama "ya" yetu tukisema nyama ya mbuzi. Na shishi ni nyama, halafu hapohapo ni mnyama wa kuwindwa. Kwa hiyo inoshishi ni nyama ya i! Na yule jamaa wa pembe zenye matawi, tumwite kulungu kwa leo, ambaye sikuhizi anaitwa shika, zamani alikuwa ka tu, naye akaitwa kanoshishi. Kulungu jina hilo lilimbanduka, ila nguruwe limemganda mpaka leo, yuko hai anakimbia zake msituni lakini kwa jina ni kitoweo tayari, masikini.

Na hapa ndo pananoga. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 9. Nguruwe pori na kulungu hakuwataja kabisa. Lakini mafundisho ya Budha yalivyozidi kushika, kula mnyama wa miguu minne kukawa ni jambo la aibu, na watu hamu ya nyama haijaisha, sasa wafanyeje, wakabadilisha jina! Enzi za Edo, yani karne ya 17 mpaka ya 19, nguruwe pori aliuzwa kama yamakujira, yani nyangumi wa mlimani, kwa sababu nyangumi walimhesabu samaki, na samaki halina kesi. Mpaka leo nyama yake inaitwa botan, jina la ua, na ya kulungu inaitwa momiji, yale majani yanayogeuka mekundu. Msicheke, nyie wenyewe mnajua kitimoto ni nini na mbuzi katoliki ni mbuzi gani.

Kuna majina ya woga pia. Matagi, wawindaji wa milima ya kaskazini, dubu ni kuma lakini wakiwa mlimani hawalitaji hilo, wanasema itazu. Bibi yangu alikuwa hivyohivyo na nyoka, usiku ni kamba, ukisema nyoka unapigwa kofi.

Mbweha ni kitsune. Kitabu cha Nihon Ryōiki, cha karne ya 9 mwanzoni, kina stori ya jamaa wa Mino aliyeoa mwanamke mzuri, kumbe mbweha, mbwa akamfichua, mume akamwambia potelea mbali, wewe njoo tu ulale: kitsu ne. Tamu, ila mi naona jina lilitangulia stori ikafuata. Wengine wanasema kitsu ni mlio wake tu.

Jina linaweza kukupeleka mahakamani vilevile. Tarehe 29 Februari 1924 mwindaji mmoja wa Tochigi aliwafungia wanyama wawili pangoni kwa mawe, tarehe 3 Machi akarudi akawaua. Shida ni kwamba tarehe 1 Machi msimu wa kuwinda tanuki, mnyama mdogo wa jamii ya mbwa, ulikuwa umefungwa. Akasema mi sijaua tanuki, hawa ni mujina! Kitaalamu ni mnyama yuleyule, ila kwao watu walijua ni wawili tofauti. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1925 akaachiwa: kwanza, kuwafungia kulihesabika ndo kuwakamata, na siku ile msimu ulikuwa wazi, pili kweli aliamini ni mujina.

Namalizia na wa kwetu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China kwa mfalme, Wachina wakasema huyu ndo qilin, yule mnyama wa baraka wa hadithi. Wajapani jina hilo wanalitamka kirin, na twiga walipofika zuu ya Ueno mwaka 1907 wakapewa hilohilo. Wachina wenyewe sikuhizi wanamwita kulungu shingo ndefu! Na punda milia je? Shimauma, farasi wa mistari. Nani kasema ni farasi? Haya dada pale mbele nimeona mkono, uliza.